Kucheka Penye Maiti: Namna ya Kusoma Habari za Mauaji Katika Biblia

Ndugu msomaji, Kurani Tukufu yatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ndiye achekeshaye na ndiye alizaye (53:44). Basi kicheko ni kipaji Chake kama yalivyo machozi, na kila kipaji kina mahali pake. Katika somo hili tutaangalia mahali pamoja ambapo vijana wa siku hizi wameanza kukitumia kicheko, napo ni penye visa vya damu vilivyomo katika vitabu vya dini.

Siku moja mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, vijana watatu walinijia baada ya sala ya alasiri. Wawili ni Waislamu na mmoja ni Mkristo, nao ni marafiki tangu shuleni. Mmoja akatoa simu akasema, "Shikamoo, Maalim. Tunaomba utusikilize jambo letu kabla hatujalitoa kwa watu." Wakanieleza kwamba huko Ulaya na Marekani wako watu wanaosoma kwa sauti visa vya Biblia vyenye kutisha, huku wenzao wakitia maneno ya mzaha kila baada ya aya mbili tatu. Vipindi hivyo vya sauti huitwa podikasti, na husikilizwa kwa simu popote mtu alipo. Wao wakataka kufanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, na kidogo kwa Kisukuma. Walikuwa wamekwisha rekodi visa viwili vya kitabu cha Waamuzi.

Kisa cha kwanza kilikuwa cha Ehudi na mfalme Egloni. Nakiri kwamba nami nilicheka. Kisa cha pili kilikuwa cha yule mwanamke wa Gibea. Kilipofika mahali ambapo maiti yake inakatwa vipande, msomaji aliigiza sauti ya muuza nyama anayewaita wateja, na wenziwe wakaangua kicheko.

Kivulini palikuwa na mama mmoja mtu mzima auzaye michembe, naye alikuwa akisikiliza. Akauliza kwa upole, "Wanangu, huyo mwanamke alizikwa wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Kijana mwenye simu akaizima, akasema, "Lakini Maalim, hii ni Biblia, si Kurani. Kuna ubaya gani kwetu?"

Hayo ni maswali mawili, na yote mawili yanastahili jibu.

Kicheko si dhambi

Wako watu wadhanio kwamba mcha Mungu ni mtu wa kukunja uso. Hilo si kweli. Masahaba wameeleza kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa na tabasamu nyingi, na alitaniana nao. Imepokewa kwamba mwanamke mmoja mzee alimwomba amwombee dua aingie Peponi, naye akamwambia kuwa vikongwe hawaingii humo. Yule mama alipoanza kusikitika, Mtume s.a.w. akamfahamisha kwamba Mwenyezi Mungu atawarudishia ujana wao kwanza, ndipo waingie. Huo ni mzaha, lakini ndani yake mna ukweli, na mwisho wake mama yule aliondoka na furaha kuliko alivyokuja.

Hapo twapata mizani. Masahaba walipomwuliza kama naye hufanya mzaha, alijibu kwamba hata katika mzaha hasemi ila lililo kweli. Tena katika Hadithi ametuonya vikali juu ya mtu asemaye uongo ili awachekeshe watu. Basi tunapotaka kuupima mzaha wowote na tuulize mambo mawili: Je, umesema kweli? Na yule anayetajwa ndani yake, angalikuwapo hapa, angaliondoka na hali gani?

Tuvipime visa viwili vya vijana wetu kwa mizani hiyo.

Kisa cha Egloni

Habari hii imo katika Waamuzi 3:12-30. Egloni, mfalme wa Moabu, aliwatawalia Waisraeli kwa nguvu miaka 18. Ehudi wa kabila la Benyamini, mtu wa shoto, alitumwa kumpelekea kodi. Akaufunga upanga wenye urefu wa mkono mmoja kwenye paja lake la kulia, mahali ambapo walinzi hawakutazamia kuukuta. Akamwambia mfalme kwamba anayo habari ya siri, wakabaki wawili peke yao, akamwua. Mfalme alikuwa mnene mno hata upanga ukazama wote. Ehudi akafunga milango akaenda zake. Watumishi wakangoja nje, wakidhani bwana wao yumo chooni, wakangoja hata wakaona haya.

Kila asomaye kwa makini ataona kwamba mwenye kukiandika kisa hiki mwenyewe anacheka. Ametaja unene wa mfalme, ametaja watumishi waliongojea mlangoni kwa adabu huku bwana wao amekwisha kufa. Hiki ni kicheko cha watu walioonewa miaka 18, wanaposimuliana jinsi mkubwa alivyoanguka. Nchi zetu nazo zilikuwa na nyimbo na hadithi za namna hiyo juu ya watoza kodi wa wakoloni. Mtu akicheka hapo amecheka pamoja na kitabu, hakukiongezea lisilokuwamo. Hata hivyo na akumbuke kwamba aliyekufa ni mtu, na kwamba kisa chaendelea kwa vita ambamo, kwa hesabu ya kitabu chenyewe, watu wapatao 10,000 wa Moabu waliuawa.

Kisa cha Gibea

Sasa tufungue Waamuzi mlango wa 19. Mlawi mmoja aliyekaa katika milima ya Efraimu alikuwa na suria kutoka Bethlehemu ya Yuda. Mwanamke akaondoka akarudi kwa baba yake. Mume akamfuata ili aseme naye kwa upole na kumrudisha. Njiani wakalala Gibea kwa mzee mmoja. Usiku watu waovu wa mji wakaizunguka nyumba wakimtaka yule mgeni mwanamume. Ndipo mume akamshika suria wake akamtoa nje kwao. Wakamtenda jeuri usiku kucha. Alfajiri akaanguka mlangoni pa nyumba, mikono yake ikiwa juu ya kizingiti. Mume alipofungua mlango ili aende zake, akamwambia ainuke waondoke. Hakujibu. Akampakia juu ya punda, na alipofika kwake akatwaa kisu, akamkata vipande 12, akavipeleka katika nchi yote ya Israeli.

Ndugu msomaji, chunguza vizuri. Je, kuna mahali mwandishi anacheka hapa? La hasha. Mwandishi ametaja mikono ya mwanamke juu ya kizingiti. Mtu ambaye hakuhuzunika asingelitaja mikono. Tena endelea mpaka mlango wa 20, aya ya 4 hadi ya 7. Huko Mlawi anasimama mbele ya mkutano wa Israeli kueleza yaliyotokea, naye anaacha jambo moja: hasemi kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa mwanamke nje. Kitabu kimetuonyesha tendo, kisha kikatuonyesha mtendaji akilificha. Huo ni ushahidi dhidi yake.

Yaliyofuata ni mabaya kuliko ya kwanza. Kwa ajili ya mwanamke mmoja, makabila yakapigana na Benyamini hata wakabaki wanaume 600. Kisha, ili hao 600 wapate wake, mji wa Yabesh-gileadi ukapigwa na wasichana 400 wakatwaliwa, na mabinti wengine wakatekwa walipokuwa wakicheza ngoma huko Shilo. Waliotaka kulipiza jeuri ya mwanamke mmoja wakafanya jeuri kwa mamia ya wanawake. Kitabu kinamalizika kwa kusema kwamba siku zile Israeli haikuwa na mfalme, na kila mtu alifuata aliyoyaona mema machoni pake. Hiyo ndiyo hukumu ya mwandishi juu ya kizazi kizima.

Basi vijana wetu walikosea wapi? Walisoma mlango mmoja wakaacha miwili, na wakachekea jambo ambalo kitabu chenyewe kinalilia. Kwa mizani ya kwanza, mzaha wao haukusema kweli. Kwa mizani ya pili, mwanamke yule aliuawa mara moja Gibea, nao wakamtoa nje mara nyingine.

Kwa nini mama aliuliza habari ya kaburi

Mtu wa nchi ya mbali aweza kudhani kwamba visa hivi ni vya kale mno, havimwumizi yeyote. Lakini sisi tunakaa Kanda ya Ziwa. Tangu mwaka 2006 na miaka iliyofuata, kanda yetu imetajwa duniani kote kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, waliokatwa viungo na watu walioambiwa na waganga wadanganyifu kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Ziko jamaa zilizoyajengea makaburi ya wapendwa wao kwa saruji kwa hofu ya wezi wa mifupa. Tena katika vijiji vya Usukumani vikongwe wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na kosa la baadhi yao lilikuwa macho mekundu tu, ambayo yaliletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Katika nchi ya namna hii, habari ya mwanamke aliyekatwa vipande na vipande vyake kupelekwa huku na huku si hadithi ya mbali. Mama yule wa michembe hakuuliza swali la elimu ya Biblia. Aliuliza swali ambalo huulizwa na kila aliyewahi kufiwa kwa namna hiyo. Nalo ni swali zuri mno, kwa sababu kitabu cha Waamuzi hakikulijibu: hakituambii mwanamke yule alizikwa wapi, wala hakituambii jina lake.

Mtume s.a.w. siku moja alisimama jeneza lilipopita. Akaambiwa kwamba ni la Myahudi. Akawauliza kama huyo naye hakuwa nafsi. Hadithi hii imo katika Bukhari. Kama nafsi ya mtu wa dini nyingine ilistahili kusimamiwa ilipopita, itastahili nini inaposomwa?

Mtani na mwenye dhihaka

Huenda kijana akajibu, "Lakini Wasukuma sisi hucheka hata msibani. Watani huja wakafanya mzaha mbele ya maiti." Ni kweli, na desturi hiyo ina hekima. Lakini tuiangalie jinsi ilivyo.

Mtani hafanyi mzaha akiwa mbali. Amekuja msibani kwa miguu yake. Wafiwa wanamjua, na mababu wa pande zote mbili walikwisha kupatana juu ya haki hiyo. Anawachekesha waliozidiwa na huzuni ili wapate nguvu ya kula na kusimama. Na anapofanya mzaha, mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye kushika jembe la kuchimbia kaburi. Kesho msiba ukiwa kwake, nao watakuja kumtania. Kicheko chake ni sehemu ya kuzika.

Mwenye dhihaka ni mtu mwingine kabisa. Huyo hana jembe, hana msiba, wala hana zamu yake. Hucheka akaondoka, na maiti akabaki pale pale. Kurani Tukufu imekataza watu wasiwadharau watu wengine, kwani huenda hao wakawa bora kuliko wao (49:12). Basi anayetaka kusema kwamba anaitania Biblia na ajiulize: Je, ameshika jembe?

"Lakini hii ni Biblia, si Kurani"

Hili ndilo swali la pili, na sisi Waislamu hatuna budi kulijibu kwa uaminifu, maana historia yetu katika nchi hii inatuhusu.

Katika miaka ya 1980, mihadhara ya kulinganisha dini ilienea sana Tanzania. Wahubiri wa Kiislamu walisimama viwanjani na Biblia mkononi, wakazisoma aya zake kwa sauti mbele ya umati, na kanda za kaseti zilizonasa maneno yao zikauzwa barabarani na kusikilizwa mbali na pale yaliposemwa. Wahubiri wa Kikristo nao walifanya mikutano yao na kanda zao. Wako waliozungumza kwa elimu na adabu, na watu wengi wakajifunza kuvifungua vitabu. Wako pia waliogundua kwamba kicheko hukusanya umati upesi kuliko hoja, wakakifuata kicheko. Taratibu maneno yakageuka kashfa. Mnamo Februari 1998 watu walipoteza maisha katika machafuko ya Mwembechai, Dar es Salaam, na mihadhara ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombewa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 129, inahesabu kuwa kosa kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu mwingine.

Tena tukumbuke Oktoba 2012. Huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya Kurani Tukufu, na mmoja wao akaikojolea. Lilikuwa jambo la kitoto, lakini makanisa yalichomwa moto kwa ajili yake. Waislamu waliochoma makanisa walifanya dhambi kubwa ambayo Uislamu hauikubali hata kidogo. Lakini sote tuliona jinsi cheche ndogo inavyoweza kuunguza mji.

Amri ya Kurani Tukufu juu ya jambo hili iko wazi. Imetukataza kuwatukana hata wale waabudiwao badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wenye kuwaabudu wakamtukana Mungu kwa ujinga (6:109). Ikiwa hata sanamu haitukanwi, itakuwaje kitabu ambacho ndani yake mna habari za Manabii tunaowaamini, na ambacho asili yake, Taurati, imetajwa kuwa na uongozi na nuru (5:45)? Tumeamrishwa tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora (29:47). Na tunapokuta watu wakizifanyia dhihaka Ishara za Mwenyezi Mungu, tumeambiwa tusikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine (4:141). Angalia uzuri wa amri hii. Haikusema wapigwe, wala wachomewe. Imesema inukeni, na wakibadili mazungumzo mwaweza kurudi.

Swali gumu lisikimbiwe

Je, maana yake tunyamaze tu? Hapana. Iko tofauti kati ya kuuliza na kudhihaki. Chukua 1 Samweli mlango wa 15, ambako Sauli anaamriwa kuwaua Waamaleki wote, wanaume, wanawake na hata wanyonyao. Mwislamu ana haki ya kuuliza: Je, Mungu Mwenye rehema aliamuru mtoto anyonyaye auawe? Sisi twaamini kwamba mikono ya wanadamu iliingia katika maandishi ya kale. Twaamini pia kwamba kanuni ya vita ni ile iliyomo katika Kurani Tukufu 2:191: kupigana na wanaopigana nasi, wala tusiruke mpaka. Naye Mtume s.a.w. alikataza kuua wanawake na watoto vitani. Hayo twaweza kuyasema mbele ya Mkristo yeyote kwa uso mkunjufu.

Lakini twaposema, tujue kwamba wenye kitabu nao wamelia juu ya swali hilo kabla yetu. Origen, mwanachuoni Mkristo wa karne ya 3, alizifasiri vita za Yoshua kuwa ni mfano wa vita vya mtu dhidi ya dhambi zake. Wayahudi wanasimulia katika Talmud kwamba malaika walipotaka kuimba wakati Wamisri wanazama baharini, Mungu aliwakemea, kwani hao waliozama nao ni kazi ya mikono Yake. Na katika karamu ya Pasaka wako Wayahudi wengi ambao hutoa matone ya divai kikombeni wanapoyataja mapigo ya Misri, ili furaha yao ipungue kwa ajili ya waliokufa upande wa adui.

Tena tukumbuke kwamba kisu kinachokata huku hukata na kule. Wako wanaoisoma Kurani Tukufu 9:5 peke yake ili kuwatisha watu, wakaiacha 9:6, inayoamuru kwamba mshirikina akiomba ulinzi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Twalalamika, na ni haki yetu. Lakini tukiwasomea Wakristo nusu ya kisa chao, tutamzuia nani asitusomee nusu ya aya yetu?

Muhtasari wa somo

Ndugu msomaji, anayesoma kitabu kitakatifu kwa sauti, kiwe chake au cha jirani, amebeba amana. Basi na ashike haya:

Kwanza, asome kisa mpaka mwisho wake, asikikate.

Pili, aangalie mwandishi anacheka au analia, asigeuze kilio kuwa kicheko.

Tatu, kama kicheko kipo, kimwendee dhalimu; kisimwendee aliyeuawa.

Nne, asome kana kwamba mwenye kitabu ameketi mbele yake, na mfiwa ameketi karibu naye.

Tano, akiwa na swali gumu aliulize kama swali, na angoje jibu.

Vijana wetu walirudi baada ya wiki mbili. Kisa cha Egloni walikuwa wamekiacha kama kilivyo. Kile cha Gibea walikifuta wakakirekodi upya, safari hii milango yote mitatu, na aliyesoma ni yule kijana Mkristo. Hapakuwa na kicheko. Mwishoni aliongeza maneno yake mwenyewe kwamba mama mmoja wa Bariadi aliuliza mwanamke huyu alizikwa wapi, na kwamba kitabu hakikusema, basi kila asikiaye na amkumbuke.

Tukamwita mama wa michembe akasikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kapu lake, akasema, "Sasa mmemzika."

Mwenyezi Mungu atujalie ndimi zenye kweli na vicheko visivyomwumiza aliyeonewa, na atuwezeshe kukaa kwa amani na jirani zetu wa kila dini. Amin.